Kocha Akifoka, Mwache Afoke Kwanza

Mwandishi anayetaka mwamuzi wa besiboli amtimue kocha mara tu anapofungua kinywa haijui kazi ile. Kocha Bobby Cox wa Atlanta Braves alitolewa uwanjani zaidi ya mara 150, na alisifika kwa kujitosa ili asitolewe mchezaji wake. Mwamuzi mzoefu analijua hilo: humwacha kocha afoke, ukingo wa kofia ukikaribia kumgusa pua, kisha humwambia yatosha. Akitukanwa yeye binafsi, hapo mkono unapaa. Kubishia straiki ni habari nyingine. Kanuni zimeshaziba mlango huo. Na tangu marudio ya video yapanuliwe 2014, kocha anayetoka kubishia uamuzi wa video hutolewa papo hapo. Ukali gani tena mwandishi huyo anautaka?