Boti haipandishwi na mtu mmoja

Mwandishi wa makala ya matengenezo ya boti ameeleza vizuri malipo ya fundi, lakini suala la marafiki wa kusaidia kuipandisha amelipita haraka mno. Huku Mtwapa tunangoja bamvua. Maji yakijaa tunaisogeza boti hadi karakana: wawili wanaingia majini kuishika isiyumbe, mmoja anashika kamba ya tezi, mwingine anamwelekeza dereva wa trela. Ikishatoka tu, tunaanza kukwangua chini wakati magamba bado yana unyevu, maana yakishapigwa jua, hata patasi inashindwa.

Na mashine msimwachie fundi peke yake. Simama naye anapofungua skrubu ya oili ya gia. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameshapenya kwenye sili, na ukirudi baharini hivyo hivyo gia zitaliwa. Impela nayo ibadilishwe hata kama kwa macho inaonekana nzima; ni kipande kidogo cha raba, lakini ndicho kinachovuta maji ya kupoza mashine. Zinki, kile kipande kinachokinga vyuma visiliwe na maji ya chumvi, ikiwa imeliwa nusu, weka mpya, na tafadhali mtu asiipake rangi. Nimeona vijana wenye nia njema wakiipaka pamoja na boti nzima, na zinki iliyopakwa rangi haikingi chochote.

Kinachoniuma ni wale wanaoahirisha mpaka mashine inawazimikia nje ya mwamba, na abiria wamo ndani. Ndugu zangu, Kaskazi ikilegea itaneni, mwende karakana kabla Kusi haijashika.