Bila Ringi ya Habu, Usilipe

Ndugu dereva, utalipia balansi mpaka lini?

Umefunga rimu za spoti, gari limependeza, majirani wamesifu. Mjini limetulia. Ukishaipita Kibaha, mshale ukigusa 90, usukani unaanza kukutetemekea mikononi. Unarudi kwa fundi wa tairi, anabandika risasi, unalipa. Kesho usukani unatetemeka. Unarudi, unalipa. Umefanya alaimenti, umenunua tairi mpya, umelaumu barabara, umemlaumu hata aliyekuuzia gari. Umelaumu kila kitu isipokuwa tundu la katikati ya rimu.

Amka!

Kesi iko kwenye tundu hilo. Habu ya Vitz, au ya IST ya toleo la kwanza, ina kipenyo cha milimita 54.1. Ya Harrier na Mark X ni 60.1. Rimu iliyokuja na gari ilitobolewa kwa kipimo hichohicho, ndiyo maana inaingia kwenye habu na kukaa katikati bila kubahatisha. Rimu za spoti hutobolewa kubwa kwa makusudi, nyingi 73.1, ili rimu moja iuzwe kwa magari ya kila aina. Kwa hilo simgombezi mtengenezaji. Lakini 73.1 ukitoa 54.1, zinabaki milimita 19 za hewa. Hewa tupu!

Hewa hiyo inatakiwa kuzibwa na pete nyembamba ya alumini au plastiki ngumu: ringi ya habu. Nje 73.1, ndani 54.1. Basi. Ni kitu cha bei ndogo mno mbele ya rimu zenyewe, na ndicho ambacho muuzaji hakukutajia. Alikutajia inchi. Alikutajia rangi. Alikuhesabia matundu ya nati. Habu yako aliipima? Wewe ulimuuliza?

Ukimbana, jibu lake ni moja: "Nati zitaivuta zenyewe." Zitaivuta wapi? Nati yenye ncha ya koni inaweza kuivuta rimu katikati iwapo gari liko juu ya jeki na nati zinakazwa kwa mkono, kidogo kidogo, kwa kukingamana. Nani anakufanyia hivyo? Kijana anashika bunduki ya upepo, nati ya kwanza anaikaza mpaka mwisho, na rimu imeshalala upande. Wengine wanarudishia nati za zamani za Toyota, zile zenye washa bapa. Hizo haziweki rimu katikati hata kidogo! Zinaibana palepale zilipoikuta.

Nusu milimita tu inatosha. Rimu ya inchi 16 pamoja na tairi lake, tuseme kilo 18, ikikaa nusu milimita nje ya katikati, ni sawa na kuning'iniza gramu zaidi ya 40 za risasi upande mmoja wa rimu. Na mashine ya balansi haitaliona kosa hilo kamwe, kwa sababu yenyewe huishika rimu kwa koni, katikati kabisa ya tundu. Kwenye mashine rimu ni nzima. Kwenye gari imepinda njia. Unalipia dawa ya ugonjwa usio wako, tena na tena na tena.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mtetemo huo haubaki kwenye usukani. Unakula beringi. Unakula tairodi na bolijointi. Unalikwangua tairi kwa mabaka mabaka. Unalegeza nati, na nati ikilegea stadi inapigwa, inapinda, inakatika. Stadi moja ikikatika, mzigo wake unabebwa na zilizobaki. Gari la nati nne, mwendo wa 100, watoto wako kiti cha nyuma: unaniambia ni mtetemo mdogo tu? Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Inaniuma kuona mtu anakopa kununua rimu, halafu ananyimwa pete ya kumlinda, na yeye anashukuru!

Nenda dukani na kalipa. Ipime habu, lipime tundu la rimu. Dai ringi nne za vipimo hivyo, siyo "zinakaribiana". Simama hapohapo fundi akisugua kutu ya habu kwa brashi ya waya. Ringi iingie kwa mkono. Ikihitaji nyundo, siyo yake. Nati zikazwe kwa mkono kwanza, gari likiwa juu, kisha kwa spana ya kipimo: kwa Toyota ndogo ni kama Nm 103. Ukishatembea kilomita 50 au 100, zikaguliwe tena.

Na muuzaji akikwambia hana ringi za namba yako, lakini rimu "zitakaa tu", mwachie rimu zake mezani, ondoka na hela yako.