Taa za padeli na usingizi wa mwanao (Sehemu ya 6)

Mama zangu, na nyie akina baba mnaosoma kimyakimya, leo tuongelee taa. Siyo za ndani kwako, za jirani.

Viwanja vya padeli vinaongezeka Dar na Nairobi. Kwa ambao hamjauona mchezo wenyewe: unafanana na tenisi, wanacheza watu wanne, uwanja wa mita 20 kwa 10 umezungushiwa vioo na wavu. Sina ugomvi nao. Watu wazima wanatoka jasho, na mazoezi ni kinga nzuri ya presha na sukari. Kwa joto la Dar nani atacheza saa nane mchana? Usiku taa ni lazima. Ila mwanga ukivuka ukuta ukaingia chumba cha mtoto, hiyo siyo taa ya mchezo tena. Ni umeme unaopotea, na anayeumia ni mwanao.

Kwa nini mtoto? Giza likiingia, ubongo unatoa homoni ya melatonini, inayouambia mwili kwamba sasa ni usiku. Mwanga unaizuia, hasa ule mweupe unaoelekea bluu. Na jicho la mtoto linapitisha mwanga mwingi kuliko letu. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, waliwaweka watoto 36 wa miaka 3 hadi 5 kwenye mwanga kwa saa moja kabla ya kulala. Hata mwanga hafifu ulishusha homoni hiyo kwa wastani wa asilimia 78!

Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku. Akilala saa tano usiku na kuamshwa saa kumi na mbili asubuhi awahi shule, atazipatia wapi?

Sasa umeme. Chukua uwanja mmoja wenye taa 8 za LED, kila moja wati 200. Zikiwaka kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tano usiku, ni yuniti 8. Kwa mwezi 240. Nyumba iliyo kwenye ule umeme wa bei nafuu Tanzania, kikomo chake ni yuniti 75 kwa mwezi. Yaani uwanja mmoja unapita nyumba tatu. Lakini kwa mwenye klabu, yuniti 8 hazifiki hata shilingi 3,000. Bili haimuumi, ndiyo maana hana haraka ya kuzima uwanja usio na mtu. Tukisubiri bei ya umeme imfundishe, tutasubiri sana.

Mtaambiwa, "Weka pazia zito." Jamani, kwa joto hili? Ukiziba dirisha umeziba na upepo, halafu unaanza kununua umeme wa feni usiku kucha. Gharama imehamia kwako.

Nendeni kwa meneja, majirani wawili watatu, na picha ya chumba cha mtoto ilivyo usiku. Ombeni haya:

1. Taa zitazame chini uwanjani na ziwekewe kinga pembeni.
2. Wakibadilisha taa, wachague za mwanga wa njano kidogo.
3. Uwanja ukiwa mtupu, uzimwe. Zile taa za zamani ukizizima zilihitaji dakika kadhaa zipoe ndipo ziwake tena. LED inawaka papo hapo, hakuna kisingizio.
4. Kuwe na saa ya mwisho ya kucheza, inayojulikana.

Asiposikia, serikali ya mtaa ipo.

Na nyie mnaocheza, sauti yenu ina uzito kuliko yetu maana nyie ndo mnalipa. Mkimaliza mchezo, semeni taa zizimwe. Nyuma ya ukuta kuna mtoto.