Daftari Halimwandiki Aliyebaki Nyumbani



Kila mwisho wa mwaka hospitali na zahanati za Kanisa hutoa taarifa zao: wagonjwa waliotibiwa, watoto waliochanjwa, akina mama waliojifungua salama. Twazisoma kwa furaha, na ni haki yetu kufurahi. Hata hivyo, daftari la wagonjwa lina upungufu mmoja ambao karani hodari kuliko wote hawezi kuusahihisha. Humwandika aliyefika, halimwandiki aliyebaki nyumbani. Mjane aliyepiga hesabu ya nauli, ya cheti na ya dawa, kisha akaamua kuchemsha majani, hayumo katika taarifa yoyote.

Hatusemi haya kwa kubeza. Hapa Tanzania ziko wilaya ambazo kwa miaka mingi hazikuwa na hospitali nyingine ila ile ya misheni, hata Serikali ikaitambua kuwa Hospitali Teule ya Wilaya. Bugando, kule Mwanza, ilijengwa na Kanisa Katoliki, ikafunguliwa mwaka 1971, ikataifishwa mwaka uliofuata, na mwaka 1985 ikarudishwa mikononi mwa Maaskofu. Mwaka 1992 Serikali na Makanisa yalitia sahihi mkataba wa maelewano kuhusu huduma za jamii. Kazi hiyo ni kubwa, na haikuanza jana.

Lakini mwaka 1993 wananchi walianza kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za Serikali, na tangu hapo fedha imesimama mlangoni kama bawabu. Sera iliweka misamaha: wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, wazee wasiojiweza, na maskini asiye na kitu. Wa mwisho huyo ndiye mwenye taabu kuliko wote. Ujauzito huonekana, na umri huandikwa kwenye kadi, lakini umaskini hauna budi kuthibitishwa kwa barua ya uongozi wa kijiji, na wengi huona haya kuiomba. Naye mganga mfawidhi wa zahanati ya Kanisa ana mishahara ya kulipa na dawa za kununua. Kila msamaha autoao bila kurudishiwa gharama ni shimo katika hesabu zake. Tusimlaumu haraka.

Zamani shimo hilo lilizibwa na wafadhili wa ng'ambo. Mwaka 2025, Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, ilidhihirika jinsi uamuzi wa watu walio mbali unavyoweza kuyumbisha kliniki ya kijijini.

Katika Injili ya Luka, Msamaria hakuishia kufunga majeraha. Alimlipa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kufidia kitakachozidi atakaporudi. Yaani alichukua dhamana ya deni. Sisi twapenda sana sehemu ya mafuta na divai, nayo ile ya malipo twaipita upesi. Parokia inayochangisha mamilioni kwa jubilei ya siku moja haiwezi kusema haina uwezo wa kuwa na mfuko wa wagonjwa. Na wauguzi wanaokwenda na huduma ya mkoba mara moja kwa mwezi wanastahili shukrani zetu, ila uchungu wa uzazi hausubiri tarehe ya gari.

Pamoja na hayo, mfuko wa parokia hautoshi, wala haupaswi kuiondolea Serikali wajibu wake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, inakiri kwamba wako wasioweza kuchangia, na imeweka utaratibu wa kuwagharamia. Hiyo ni haki yao, si sadaka. Lakini haki hiyo itamfikia nani, ikiwa jina lake halijulikani? Uthibitisho wa nani hana uwezo huanzia kijijini, mbele ya majirani, na mara nyingi aliye maskini kupita wote ndiye asiyehudhuria mkutano na asiye na ndugu wa kumtaja.

Hapo ndipo kamati za Haki na Amani, makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wanapotakiwa kuwapo. Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Kabla ya mkutano ujao, kila Jumuiya na iketi, iandike: ni nani kati yetu aliugua mwaka huu asiende kutibiwa, na kilichomzuia ni nini. Kisha wawili wateuliwe kuipeleka orodha hiyo kwa afisa mtendaji, na nakala yake wampe mganga mfawidhi.