Eti "Siasa Weka Kando, Tuongee Magari"?

Wasee, leo nitakosana na wenzangu wa magari, na iwe hivyo.

Jumapili tulikutana, ndai kama ishirini hivi, boneti wazi, kila mtu akionyesha rimu mpya. Mimi nikataja ushuru. Jamaa mmoja akanikata: "Buda, hapa hatutaki siasa. Tuongee magari." Wengine wakampigia makofi. Dakika kumi baadaye, huyo huyo analia vile kujaza tangi kumemmaliza. Siku hiyo nilinyamaza. Leo sinyamazi.

Hilo gari unaloliosha kila Jumamosi ni siasa tupu. Anza na usukani. Kwa nini uko kulia? Kwa sababu Mwingereza alitutawala akatuachia upande wake wa barabara. Wajapani nao huendesha upande huo huo, ndio maana gari lao linashuka Mombasa likiwa tayari kuingia barabarani. Na kwa nini Mjapani analiuza likiwa bado safi? Serikali yake inamtaka alipeleke kukaguliwa baada ya miaka 3 ya kwanza, halafu kila miaka 2, na ukaguzi huo unauma mfuko. Wengi huona afadhali wauze. Huku kwetu sheria inakataa gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo Demio yangu ni mtoto wa sheria mbili za nchi mbili, na mimi sikuulizwa popote.

Tunaringa na injini ndogo zisizobugia mafuta, si ndiyo? Mwaka 1973 nchi za Kiarabu ziliinyima Marekani mafuta kwa sababu iliisaidia Israeli vitani. Bei ya mafuta duniani ikapanda karibu mara nne. Wamarekani waliokuwa na mijigari yao ya injini kubwa wakajipata kwenye foleni za petroli, na gari dogo la Kijapani walilokuwa wakilicheka likaanza kuonekana la maana. Vita ndivyo vilivyolifungulia mlango.

Sasa twende Vladivostok, mji wa Urusi ulio karibu na Japan. Kule wanaendesha upande wa kulia, lakini barabara zimejaa magari ya Kijapani yenye usukani wa kulia, kama yetu. Desemba 2008, serikali ilipotangaza kupandisha ushuru wa magari yaliyotumika, watu wakaandamana. Polisi wa kutuliza ghasia wakaletwa kwa ndege kutoka Moscow kuja kuwapiga watu wanaotetea magari yao. Halafu Agosti 2023, kwa ajili ya vita vya Ukraine, Japan ikapiga marufuku kuiuzia Urusi magari ya injini inayozidi sisi 1900. Kwa hivyo Mrusi akibaki kutafuta gari la Japan, anatafuta vidude vidogo kama vile tunavyovitafuta sisi. Wewe uko Umoja unadunduliza pesa zako, na vita vya mbali viko nawe kwenye mnada huo huo.

Na hapa nyumbani? Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kila mwenye gari alipe asilimia 2.5 ya bei ya gari lake kila mwaka. Gari la laki nane, elfu ishirini. Kila mwaka, hata kama limelala kwa fundi. Pendekezo hilo lilitupwa tarehe 18 Juni, siku ambayo vijana walijaa mjini Nairobi. Wiki moja baadaye, tarehe 25, wengine walitoka nyumbani asubuhi na hawakurudi. Mswada wote ukaanguka kesho yake. Sasa wewe ambaye hukulipa hiyo elfu ishirini unaniambia siasa niweke kando? Kuna mtu alikulipia, na hakulipa kwa shilingi.

Najua utasema magari ndiyo mahali pako pa kupumzika. Nakuelewa. Hata mimi sitaki mtu aje kwenye mkutano wetu kubishana kuhusu kabila na vyama. Lakini siasa ya makelele ni tofauti na siasa ya mfuko. Ushuru wa forodha ulipopandishwa mwaka 2023 kutoka asilimia 25 hadi 35, haukuuliza wewe ni wa chama gani. Na anayeumia zaidi si sisi wa rimu. Ni jamaa wa teksi anayelala garini usiku akingoja abiria, na mama mboga ambaye kabichi zake zinafika sokoni kwa Probox.

Kwa hivyo Jumapili ijayo nina ombi moja. Kabla hujafungua boneti, njoo na karatasi yako ya ushuru. Tusome pamoja: forodha kiasi gani, ushuru wa bidhaa kiasi gani, na ile VAT ya asilimia 16 inayokokotolewa juu ya hizo zote mbili. Mwanasiasa akija 2027 kuomba picha na Subaru yako, mpe hiyo karatasi kwanza, umwulize atabadilisha mstari gani.

Akikwambia hapo mnaongea magari tu, mfungie mlango.