Iko Safi, Dada

“Iko safi, dada,” alisema fundi, akanigeuzia kioo cha laptopu nione alama ya kijani. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, kimya. Tukalipa shilingi 10,000, tukashuka ngazi, tukatokea kwenye jua la Kariakoo. Ni pale barabarani, katikati ya mikokoteni, alipopata ujasiri wa kuniambia: “Dada, alijua sentensi niliyoifuta.”

Sentensi aliyoifuta, si aliyoituma. Alikuwa akimwandikia rafiki yake barua pepe, akaandika kwamba anafikiria kuvunja uchumba. Akaogopa, akafuta, akatuma salamu za kawaida. Jioni mchumba wake akamuuliza, kwa upole kabisa, kama bado anafikiria kumwacha.

Nina ugomvi na ile alama ya kijani. Nina ugomvi zaidi na kila anayemwonyesha mtu mwenye hofu kisha anamwambia nenda nyumbani ukalale. Ushauri tunaopeana siku zote (weka antivairasi, usifungue kiambatisho usichokijua, usibonyeze kila kiungo) umemlenga mwizi wa mbali asiyekujua hata jina. Wezi hao wapo. Lakini mtu anayetaka kujua unamwandikia nini rafiki yako mara nyingi amekaa kitandani kwako, na ni wewe uliyemtajia paswedi siku alipotaka kuangalia filamu.

Antivairasi hutafuta programu zinazojulikana kuwa mbaya, au zenye tabia za kutiliwa shaka. Sasa, programu nyingi za kunasa kila herufi unayoandika huuzwa hadharani, kwa risiti, eti za kulinda watoto au kusimamia wafanyakazi. Na hata antivairasi ambayo ingepiga kelele, mwenye mamlaka ya juu ya kompyuta anaweza kuinyamazisha. Ndani ya Windows kuna orodha ya folda ambazo Defender imeambiwa isizikague. Usiku ule tuliifungua ya mdogo wangu. Ilikuwa na folda moja, jina lake kama la programu ya printa. Mdogo wangu hajawahi kumiliki printa. Tarehe ya folda ilikuwa Jumapili ambayo mchumba alikuja kumsaidia “kuweka Office”.

Fundi hakuifungua orodha ile. Hakuangalia kompyuta ina akaunti ngapi zenye mamlaka, wala programu zipi zinaamka pamoja na Windows, wala kama barua pepe yake imefunguliwa kwenye kifaa kingine. Hakugeuza laptopu kuona kama kuna kidude kimechomekwa. Ni kazi ya robo saa. Baya zaidi, hakuuliza swali lisilohitaji ufundi wowote: nani mwingine ameishika? Alimpima mdogo wangu kwa macho, akaona msichana mwenye wasiwasi, akaitibu hofu badala ya kompyuta.

Simlaumu peke yake. Mwaka 2010 wazazi katika wilaya ya shule ya Lower Merion, jimbo la Pennsylvania, Marekani, waligundua kwamba laptopu ambazo shule iliwagawia watoto wao ziliweza kuwapiga picha wakiwa nyumbani. Ilijulikana baada ya mwanafunzi mmoja kuitwa na uongozi na kuonyeshwa picha yake akiwa chumbani kwake. Wilaya ilisema programu ile ilikuwa ya kutafutia kompyuta zilizopotea au kuibwa. Picha zilizokusanywa, za kamera na za kioo, zilipita 50,000, na kesi ikamalizwa kwa malipo ya dola 610,000. Kinachonikera ni kitu kidogo kuliko hivyo. Wanafunzi walikuwa wameshaiona taa ya kijani ya kamera ikiwaka yenyewe. Walipouliza, waliambiwa ni hitilafu.

Sisemi kila laptopu inayovuma feni ina jasusi ndani. Nyingi zimechoka tu, au mwenyewe amefungua kurasa 40 za Chrome. Dalili ya kuiogopa huonekana kwanza kwa mtu: anajua asichopaswa kukijua. Mdogo wangu alikuwa nayo tangu mwanzo. Alihitaji fundi atakayeamini kwamba ushahidi wake ni ushahidi, hata kama umetoka mdomoni na si kwenye skrini.

Halafu kuna wale wa “kama huna cha kuficha unaogopa nini”. Katika ukoo wetu wamesema hivyo wawili, na wote wawili simu zao hulala kifudifudi mezani. Mwingine akaongeza kwamba ni mchumba wake, si mtu baki. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini, na mahari haijatajwa humo kama idhini.

Nilitaka kuifuta folda ile palepale. Mdogo wangu, mtulivu kuliko mimi, akanishika mkono. Programu ikinyamaza ghafla, aliyeiweka atajua imegunduliwa, na yeye ndiye mwenye ufunguo wa pili wa chumba alichopanga. Tulipiga picha kioo kwa simu yangu: folda, tarehe, orodha. Paswedi zote alizibadilisha kwenye kompyuta ya kazini kwangu.

Kwa siku 4 aliendelea kuandika kazi zake za chuo kwenye laptopu ileile, akimtumia rafiki yake salamu za kawaida, huku mimi nikizungumza na mwenye nyumba. Siku ya 5 tulimwita fundi mwingine, wa vitasa.