Siku Saba za Mpira wa Mkojo na Deni Letu kwa Wanawake 524

Tumezoea kupima maendeleo ya sekta ya afya kwa ukubwa wa majengo na bei ya mitambo. Kiongozi akikata utepe mbele ya mashine mpya, vyombo vya habari hufurika. Utafiti unaouliza swali dogo kuhusu kifaa cha bei ndogo haukatiwi utepe na mtu yeyote. Leo nakusudia kuuzungumzia mmoja wa aina hiyo. Ulihusu mpira wa mkojo, nao kwa maoni yangu unatufundisha siasa ya afya kuliko hotuba nyingi nilizozisikia.

Tuanze na maradhi yenyewe. Mama anaposhikwa na uchungu pingamizi na asipate msaada kwa wakati, kichwa cha mtoto hukibana kibofu cha mkojo dhidi ya mifupa ya nyonga kwa saa nyingi, pengine kwa siku mbili au tatu. Damu haipiti, nyama iliyobanwa hufa, na baada ya siku chache hubaki tundu kati ya kibofu na uke. Hiyo ndiyo fistula ya uzazi. Mara nyingi mtoto huwa amekwisha kufa. Mama hubaki akivuja mkojo usiku na mchana, naye hutengwa na watu ambao jana walikuwa wakimsubiri arudi na kichanga. Umoja wa Mataifa umekuwa ukikadiria kwamba takriban wanawake 500,000 duniani wanaishi na hali hii, wengi wao Afrika na Asia. Katika nchi tajiri imekuwa nadra kwa sababu mama huko hufanyiwa upasuaji kabla tundu halijatokea.

Tiba ipo, nayo ni upasuaji wa kuliziba tundu. Lakini kibofu kilichoshonwa hakipaswi kujaa, maana kikijaa hutanuka na mshono unaweza kuachia. Ndiyo maana mgonjwa huwekewa mpira wa mkojo, ili mkojo utoke muda wote wakati kidonda kinapona. Je, mpira ukae siku ngapi? Kwa miaka mingi jibu lilitokana na mazoea ya mpasuaji mmoja mmoja na ya aliyemfundisha, na siku 14 zilikuwa desturi katika hospitali nyingi. Haukuwapo ushahidi wa kutosha kwamba siku hizo zote zilihitajika.

Kati ya Machi 2012 na Mei 2013, hospitali nane katika nchi nane za Afrika ziliamua kulijibu swali hilo. Nchi hizo ni Ethiopia, Guinea, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya, Niger, Nigeria, Sierra Leone na Uganda. Wanawake 524 wenye fistula nyepesi, ambao mshono wao ulikuwa bado umeshika siku ya saba baada ya upasuaji, waliridhia kushiriki. Waligawanywa kwa bahati nasibu iliyopangwa na kompyuta: nusu waliondolewa mpira siku hiyo ya saba, na nusu wakabaki nao hadi siku ya 14. Kisha walifuatiliwa mpaka miezi mitatu baada ya upasuaji.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet. Miongoni mwa wanawake 250 wa siku saba waliofanyiwa tathmini, mshono uliachia kwa 10. Miongoni mwa 251 wa siku 14, uliachia kwa wanane. Tofauti hiyo haikufikia hata asilimia moja. Homa, kuziba kwa mpira, mkojo kugoma kutoka na kuvuja kulikobaki baada ya miezi mitatu havikutofautiana kwa kiasi cha kutia shaka. Kwa lugha ya watafiti, njia fupi si duni kuliko njia ndefu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba baada ya kuziba fistula nyepesi ya mkojo, mpira ukae siku saba hadi kumi.

Mwenye afya anaweza kuuliza kuna jambo gani kubwa katika siku saba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa mwanamke aliyeacha shamba na watoto katika kijiji cha mbali, siku saba ni palizi iliyopita na nauli ya ndugu anayemuuguza. Ni wiki nzima ya kulala na mpira unaochoma na unaoweza kuingiza maambukizi. Kwa hospitali, hesabu ni nyepesi. Kitanda kinachokaliwa siku 14 na kila mgonjwa huhudumia wagonjwa 26 kwa mwaka. Kikikaliwa siku saba, huweza kuhudumia 52. Hali halisi haitafika huko, kwa kuwa kuna siku za maandalizi na kuna fistula ngumu ambazo utafiti huu haukuzigusa. Hata hivyo, popote palipo na foleni, nafasi iliyofunguka ni kubwa.

Udaktari wangu ni wa falsafa, si wa tiba, na sina mamlaka ya kumwelekeza mpasuaji namna ya kushika sindano. Ila swali la nani anapata kitanda, na nani amewahi kulipa gharama ya maarifa tunayoyatumia, ni swali la siasa na la historia. Historia ya upasuaji huu ina doa ambalo halifutiki. Kati ya mwaka 1845 na 1849, huko Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims aliwafanyia majaribio wanawake watumwa weusi waliokuwa na fistula. Majina matatu yamehifadhiwa: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha peke yake alipasuliwa takriban mara 30. Hawakupewa dawa ya usingizi, na ridhaa iliyohesabiwa ilikuwa ya waliowamiliki. Hatimaye Sims alifaulu kwa kutumia nyuzi za fedha, na kibofu alikiwekea mrija wa kutoa mkojo. Alisifiwa kuwa baba wa taaluma ya magonjwa ya wanawake, akajengewa sanamu iliyosimama New York hadi ilipoondolewa Central Park mwezi Aprili 2018.

Ukiziweka habari hizi mbili pamoja, umbali tuliosafiri unaonekana. Wanawake wa Alabama hawakuulizwa. Wanawake 524 wa Afrika waliulizwa, wangeweza kukataa, wakakubali. Na swali walilosaidia kulijibu lilikuwa la wagonjwa kama wao, katika wodi kama zao. Lakini ridhaa haimalizi haki. Anayejitolea kwa utafiti huacha deni mikononi mwa jamii: maarifa aliyoyapatia yatumike kwa wenzake waliobaki kwenye foleni. Hapo ndipo watafiti wanapomaliza kazi na watawala wanapaswa kuanza yao.

Tanzania haikuwa miongoni mwa nchi hizo nane, lakini jibu ni letu pia. Mazuri yapo. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam hutibu fistula bila malipo, na kwa miaka mingi imetumia fedha za simu ili nauli isiwe kizuizi kwa mgonjwa wa mbali. Kituo chake cha Mabinti huwafundisha ushoni wanawake waliopona. Hata hivyo, tiba hii nchini mwetu kwa sehemu kubwa imeegemea hospitali za mashirika na fedha za wafadhili. Mfadhili akibadili vipaumbele, ni nani atamjibu mwanamke aliyekwisha kupangiwa tarehe?

Kuna jambo la pili, nalo linahitaji ujasiri zaidi. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2014, ulipitia kumbukumbu za wanawake karibu 6,000 wenye fistula katika nchi 11 za Afrika na Asia. Kwa wanawake 805, chanzo hakikuwa kichwa cha mtoto bali mkono wa mpasuaji, na takriban wanne kati ya kila watano miongoni mwao walijeruhiwa katika upasuaji wa kuokoa uzazi. Sisemi haya ili mama akatae kupasuliwa. Akikataa, yeye na mtoto wanaweza kufa. Nasema kwa sababu tumeongeza vituo vya afya vinavyofanya upasuaji, na tumefanya vyema. Taarifa ya kitaifa ya mwaka 2022 ilionyesha vifo 104 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika taarifa ya 2015/16. Lakini aliyenusurika na jeraha la kibofu hayumo katika hesabu hiyo. Tunawahesabu waliokufa na kuwaacha wanaovuja.

Najua pingamizi litakalotolewa: kumtoa mgonjwa siku ya saba ni njia ya kubana matumizi juu ya mgongo wa maskini. Pingamizi hilo lina uzito. Likitumiwa vibaya, jibu la utafiti litakuwa kisingizio cha kumrudisha mwanamke kwenye jembe kabla ya kupona sawasawa, au cha kufuta vitanda. Ndiyo maana nasisitiza kwamba siku saba zilizookolewa ni mali ya mwanamke anayefuata kwenye foleni, si ya Hazina. Kitanda peke yake hakizibi tundu. Lazima awepo mpasuaji aliyefunzwa, muuguzi, dawa ya usingizi na mahali pa kupumzikia kwa anayetoka mbali.

Kila mwaka tarehe 23 Mei dunia huadhimisha siku ya kutokomeza fistula, na lengo lililowekwa ni mwaka 2030. Badala ya fulana na maandamano, ningependa siku hiyo Wizara itusomee mambo matatu: wanawake wangapi walitibiwa na wangapi bado wanasubiri, wangapi waliumizwa na uchungu pingamizi na wangapi na upasuaji, na kiasi gani cha fedha za ndani kimetengwa kwa ajili yao. Kila hospitali inayotibu nayo itaje mpira huondolewa siku ya ngapi, na kwa sababu gani. Majibu hayo hayahitaji mtambo wowote wa kununua ng'ambo. Yanahitaji daftari, na mtu mwenye wajibu wa kulisoma hadharani.